Kabla Hujalipia Kozi ya CCNA

SWALI: Ndugu wataalamu, nina stashahada ya TEHAMA na nataka CCNA, cheti cha mitandao ya kompyuta cha kampuni ya Cisco. Chuo kimoja kinatoza shilingi 850,000 kwa wiki sita, masomo ya jioni, na kinaahidi kuwa "kufaulu ni lazima". Kingine kinatoza karibu mara mbili kwa miezi mitano. Niende kipi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, uliza kwanza hiyo 850,000 inalipia nini. Ada ya mtihani ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na unaufanya kupitia Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani. Mara nyingi haimo kwenye ada ya kozi. Tena, cheti cha kuhudhuria mafunzo si CCNA. CCNA hutolewa na Cisco wenyewe ukishafaulu, na hudumu miaka 3.

Sasa hesabu saa. Cisco Networking Academy, mpango wa mafunzo wa Cisco, hugawa somo hili katika kozi tatu, kila moja takriban saa 70, yaani saa 210. Darasa la saa mbili kila jioni, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita ni saa 60. Saa 150 zilizobaki zitakuwa juu yako, nyumbani. Si vibaya, ila ujue hivyo kabla hujatoa pesa.

Omba mtaala uusome. Namba ya mtihani ni 200-301, na toleo 1.1 lilianza Agosti 2024. Linganisha na orodha ya mada iliyo kwenye tovuti ya Cisco. Ukikuta RIP, EIGRP au Frame Relay (teknolojia zisizo kwenye orodha hiyo) zimepewa wiki nzima, huo ni mtaala wa kabla ya Februari 2020 uliobadilishwa jalada. Sehemu yenye uzito mkubwa ni kuelekeza pakiti za IP (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni), asilimia 25, na hapo unatakiwa kuimudu OSPF ya eneo moja, itifaki ambayo ruta (vifaa vinavyounganisha mitandao) hutumia kuelezana njia za data. Otomatiki, yaani kuendesha mitandao kwa programu, ni asilimia 10 tu, lakini mwalimu anayeiruka anakupunguzia asilimia kumi ya mtihani kabla hujaingia chumba cha mtihani.

Halafu omba kukaa darasani siku moja bila malipo, na utazame ni nani anayeshika kibodi. Mwalimu akiandika amri ukutani na wanafunzi wakinakili daftarini, ondoka. Zoezi la maana ni kama hili: swichi mbili, VLAN 10 na VLAN 20 (mitandao miwili iliyotengwa ndani ya swichi hizo hizo), tranki kati ya swichi (kiungo kinachobeba VLAN zote mbili), na ruta moja ya kuziunganisha VLAN hizo. Ikishafanya kazi, mwalimu aiharibu kimyakimya: aiondoe VLAN 20 kwenye orodha inayoruhusiwa kupita kwenye tranki, au aweke VLAN asili (ile inayopita kwenye tranki bila lebo) tofauti kila upande. Mwanafunzi aliyefundishwa ataanza na amri ya show vlan brief, kisha show interfaces trunk. Asiyefundishwa ataufuta usanidi wote aanze upya. Kwenye OSPF ni vivyo hivyo: ruta mbili zikikataa kuwa majirani, je, darasa linajua kukagua namba ya eneo, maski ya sabneti (namba inayoonyesha ukubwa wa kipande cha mtandao), na muda wa hello na dead (wa kusalimiana, na wa kumhesabu jirani kuwa hayupo)?

Kipimo kingine cha haraka: uliza anwani ya IP 192.168.10.77/26 iko mtandao upi. Jibu ni 192.168.10.64, broadcast yake (anwani ya kuvifikia vifaa vyote kwa pamoja) ni .127, na vifaa vinavyoweza kupewa anwani ni 62. Mtihani hauruhusu kikokotoo, kwa hiyo darasa linalotegemea programu ya kukokotoa sabneti linakudhuru.

Kuhusu "kufaulu ni lazima", hiyo kwa kawaida ni lugha ya dampu, yaani maswali yaliyoibwa. Cisco ikibaini, inaweza kufuta matokeo na kukufungia mitihani. Hata usipokamatwa, kuna maswali ya kusanidi vifaa kwa amri, na huruhusiwi kurudi kwenye swali ulilokwisha kulipita.

Ikiwa chuo cha miezi mitano kinapita vipimo hivi, lipa huko. Kama vyote viwili vinashindwa, pakua Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mtandao, bila malipo ujisomee. Haina amri zote za vifaa halisi, lakini kwa CCNA inatosha. Usikimbilie kununua swichi za mtumba.

SWALI: Kijana wangu amemaliza kidato cha nne. Aanze na Network+ au CCNA?
Mama, Nakuru

JIBU: Mama, msilipie chochote kwanza. Kwenye tovuti ya Networking Academy ipo kozi ya bure ya misingi ya mitandao. Akiimaliza bila kusukumwa, ndipo mzungumzie ada. Network+, cheti cha mitandao cha shirika la CompTIA (mtihani N10-009), ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90 na haifungamani na vifaa vya kampuni moja. CCNA inazama zaidi kwenye kusanidi, na haidai cheti kingine kabla yake. Kulipia vyote viwili kwa kijana anayeanza ni hasara. Sisi tungemwelekeza CCNA.

SWALI: Naweza kufanyia mtihani wa CCNA nyumbani?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Unaweza, ukiwa peke yako chumbani, kamera ikiwa wazi na meza tupu. Umeme au intaneti vikikatika, mtihani unaweza kukuishia hapo hapo. Kama kuna kituo cha mtihani unachoweza kukifikia, nenda kituoni. Na jina ulilojisajili nalo lifanane na la pasipoti au kitambulisho chako, herufi kwa herufi.