Neno lililomgharimu mjomba wangu mashine mbili

Juzi nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Lubumbashi. Anasema Kifaransa anakijua tangu shuleni, anataka kuwa mfasiri, na amepiga hesabu kwamba Kihispania, Kiitaliano na hata Kijerumani cha kazi atavipata upesi "kwa sababu maneno mengi ni yale yale". Aliniuliza aanzie wapi. Nikaandika mistari mitatu ya kumjibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Hilo "yale yale" lilinigusa mahali penye kidonda, na sijawahi kukieleza kidonda hicho hadharani. Leo nakieleza, kwa sababu wengi mnaonisoma mnaitamani kazi hii ya kufasiri, na mnaitamani kwa haraka ile ile niliyokuwa nayo mimi.

Nimekulia Buyenzi, Bujumbura. Nyumbani Kiswahili, shuleni Kifaransa. Mtoto wa Burundi hahitaji kamusi ili aelewe neno "concours". Ndio mtihani wa taifa uliokuwa ukichuja nani anaendelea na sekondari na nani anabaki nyumbani, na siku ya majibu mtaa mzima hujua nani kapita. Mimi nilipita mara ya kwanza, katika nyumba ya watoto saba ambamo hakuna aliyepita kabla yangu. Mama alichinja kuku aliyekuwa akitaga. Tangu siku hiyo neno lile likakaa kichwani mwangu na maana moja tu: watu wengi, nafasi chache, anayeweza anapita.

Baadaye nilihamia Dar es Salaam nikasoma Kijerumani miaka mitatu. Miaka hiyo nairuka, kila aliyejifunza Kijerumani ukubwani anaijua. Ilipofika 2016 kwenye ukoo nilikuwa naitwa "mwenye lugha nne", na sifichi, jina hilo lilinipendeza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana duka la vifaa vya kuokea mikate Kariakoo. Mwaka huo aliagiza mashine mbili za kukandia unga, za mtumba lakini imara, kutoka kwa muuzaji mmoja katika Uswisi ya Kijerumani. Alitanguliza nusu ya bei, faranga 6,500 za Uswisi. Mashine zikachelewa. Mwezi Oktoba ikaja barua. Naiona mpaka leo: bahasha nyeupe yenye kidirisha, karatasi moja iliyokunjwa mara tatu, mhuri wa ofisi fulani juu kushoto. Mjomba aliiweka juu ya kaunta katikati ya makopo ya hamira, akaagiza kahawa mbili, akasema, "Haya mpwa wangu, tusomee."

Nikasoma nimesimama. Kichwa cha habari kilikuwa "Konkurseröffnung". "Eröffnung" nilijua ni ufunguzi. "Konkurs" sikuwahi kukutana nalo darasani, lakini nilihitaji nini zaidi? Si ndilo "concours" langu, limevaa K tu? Chini yake palikuwa na neno "Eingabefrist", muda wa kuwasilisha, na tarehe. Ufunguzi wa mashindano, muda wa kuwasilisha. Nikamwambia mjomba kwa sauti ya mtu anayejua: "Hawa wametangaza zabuni, wanataka watu walete maombi yao kabla ya tarehe hii. Haituhusu. Mashine zako zipo." Akanipa noti ya elfu kumi. Nikaipokea.

"Konkurs" ni ufilisi. Barua ile ilikuwa inasema muuzaji ametangazwa muflisi na mahakama, na kila anayemdai awasilishe madai yake ndani ya mwezi mmoja. Tulijua Machi 2017, simu ya muuzaji ilipokuwa haipatikani tena na Mtanzania mmoja anayeishi huko akatusaidia kwenda mpaka mlangoni. Sheria ya Uswisi inampa aliyechelewa nafasi ya kupeleka dai mpaka ufilisi ufungwe, ila gharama za kuchelewa ni zake, na malipo yaliyokwisha kugawiwa kabla hajaja hayamhusu tena. Tukapeleka. Mjomba akawekwa daraja la tatu, ambalo ndilo la mwisho, nyuma ya wafanyakazi waliokuwa wakidai mishahara. Hakupata hata faranga moja. Huenda hata tungewahi tusingepata kitu, wapo walionifariji hivyo. Lakini mjomba hakuniambia lolote, na ukimya wake ndio ulionikaa. Kwenye arusi ya binti yake mwaka ule alileta karatasi za ukumbi zilizoandikwa kwa Kiingereza, akampa kijana mwingine azisome, mimi nimekaa kiti cha pili.

Ndipo nikanunua daftari la kurasa mia mbili. Kila neno la Kilatini lenye watoto wengi Ulaya nikalipa ukurasa wake, na ukurasa wa kwanza nikauandika "concursus".

Kwa Kilatini neno lenyewe ni rahisi: "con" ni pamoja, "currere" ni kukimbia. Kukimbilia mahali pamoja. Hilo tu. Sasa jiulize: watu wakikimbilia mahali pamoja, wamefuata nini? Kila lugha imejibu swali hilo kivyake. Wafaransa waliona wanakimbilia nafasi, ndiyo mitihani ya kuchuja na mashindano. Wanasheria wa Ulaya waliona wadai wanaokimbilia mali ya mdaiwa mmoja aliyeishiwa, wakaiita hali hiyo "concursus creditorum", mkusanyiko wa wadai, ili sheria iwapange foleni badala ya kila mmoja kunyakua anachoweza. Humo ndimo lilimotoka "Konkurs" la Kijerumani. Ujerumani ilikuwa na sheria ya ufilisi yenye jina hilo tangu 1877, ikaja kubadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 1999 sheria inasema "Insolvenz". Ndiyo sababu vitabu vyangu vya darasani, vilivyotungwa Ujerumani, havikunifundisha neno lile. Uswisi wanalo hadi leo. Tena ajabu ya Uswisi: sheria ni moja, ya mwaka 1889, na jina lake kwa Kijerumani lina "Konkurs", kwa Kifaransa lina "faillite", kwa Kiitaliano "fallimento". Ndani ya nchi moja, ukipanda treni Zürich kwenye Kijerumani ukashuka Geneva kwenye Kifaransa, neno limetoka kwenye kufilisika likaingia kwenye mtihani.

Nenda kaskazini: Sweden, Norway na Denmark, "konkurs" ni kufilisika, na magazeti yao yanaliandika kila wiki. Nenda mashariki: Poland, "konkurs" ni mashindano. Mashindano makubwa ya piano ya Chopin, yanayofanyika Warszawa tangu 1927, kwa Kipolandi ni "Konkurs". Warusi vilevile. Wacheki wamelibeba kwa maana zote mbili, msanii anakwenda kwenye konkurs kujaribiwa na kampuni inakwenda kwenye konkurs kufa.

Wahispania nao wana zote mbili. Sheria yao ya ufilisi inaitwa "Ley Concursal", na gazeti likiandika kampuni fulani imeingia "en concurso", wafanyakazi wake hawalali. Jioni hiyo hiyo televisheni inaonyesha "concurso" ya maswali na zawadi, na familia nzima inacheka.

Kireno ndicho kilichonitoa machozi, nasema kweli. Brazili, "concurso público" ni mtihani wa kupata kazi serikalini. Katiba yao ya 1988 inaudai, na wana hadi jina la mtu anayekaa miaka akiusomea, "concurseiro". Lakini vuka mto Ruvuma uingie Msumbiji: "concurso público" kwenye gazeti ni zabuni ya umma. Zabuni! Barua ile ile, kama ingetoka Maputo, tafsiri yangu ingekuwa sahihi. Nilikaa na ukurasa huo mbele yangu usiku mzima.

Kiingereza nacho, tunachodhani tunakijua. "Concourse" ni ukumbi mkubwa ambapo abiria hukutana, kama ule wa stesheni ya Grand Central ya New York iliyofunguliwa 1913. Na ndugu yake "concur": jaji akiandika hivyo kwenye hukumu, amekubaliana na mwenzake. Mfaransa akisema "concurrent", anamtaja mpinzani wake. Kitenzi kimoja cha Kilatini, mmoja amepatana na mwenziwe, mwingine anagombana naye. Na sisi tusishangae sana, maana kwetu mtu akienda Morogoro mazikoni yuko safari, Mzungu mpaka aone simba.

Kwa hiyo, dada wa Lubumbashi, na wote mnaoniandikia: msiamini sura ya neno. Neno unalolifahamu kwenye lugha moja, ukikutana nalo kwenye lugha nyingine, lichukulie kama mgeni kabisa, mwulize jina lake upya. Lile gumu usilolijua halikudhuru, kwa sababu utakwenda kulitafuta kwenye kamusi. Linalodhuru ni lile linalokuchekea. Fungua kamusi ya lugha hiyo hiyo. Angalia na nchi ilikotoka barua, maana kamusi ya Berlin haitoshi kwa barua ya Zürich. Kisha fungua kamusi tena. Na kama anayekusubiri jibu ana pesa yake ndani ya karatasi hiyo, kaa chini. Usisome umesimama. Sema, "Nipe mpaka kesho." Sisi wenye lugha nyingi tuna ugonjwa wa kuona haya kusema hivyo, tunadhani tukichelewa kujibu watu watasema hatujui. Acheni hiyo haya. Aibu ya siku moja ni ndogo. Mimi ya kwangu ina miaka.

Jumanne iliyopita simu yangu ililia, ujumbe wa mjomba, picha tu bila salamu. Ankara kutoka Italia, na mstari mmoja amezungushia kalamu nyekundu: "Concorso spese di trasporto, € 180". Chini akaandika: "Mpwa wangu, neno lako hili. Huko nako linasemaje?"

Nikajibu: "Nipe mpaka kesho, mjomba." Nilijua Waitaliano huliita "concorso" mtihani wa kuingia kazi ya serikali, umo hadi kwenye katiba yao, kifungu cha 97. Nilijua pia kwamba kwa sheria zao za jinai ni kushirikiana na mwenzako kwenye kosa. Hii ya gharama sikuwa nayo. Nikafungua kamusi mbili, nikamwuliza na mfasiri mwenzangu aliyeko Bologna. Asubuhi nikamwandikia: wanaomba uchangie gharama za usafiri, euro 180, ni halali na ni kawaida yao.

Alikaa kama dakika kumi. Kisha akaandika: "Haya. Jumamosi pita dukani, kuna karatasi nyingine tatu."