Fungu la mashua: majibu kwa mnaomtilia shaka Marx

Juzi niliandika kwamba Karl Marx, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya 19 aliyeigawa jamii kwa matabaka ya wenye mali na wanaowafanyia kazi, bado ana la kutwambia hapa Kisumu. Mmenijia juu kwelikweli; haya hapa maswali yenu na majibu yangu.

Mimi ni daktari, nina gari na nyumba ya mkopo Milimani. Eti niko tabaka moja na mbeba mizigo wa soko la Kibuye?

Marx hakupima tabaka kwa unene wa mfuko. Aliuliza: unamiliki nini, na unakula jasho la nani? Mshahara ukikatika leo, benki itakuvumilia miezi mingapi? Ila sitakudanganya kwamba alimaliza kazi. Sura yake ya matabaka, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake Das Kapital, aliyoitoa rafiki yake Engels mwaka 1894, inakatika ghafla. Alikuwa ndiyo kwanza amewataja madaktari, kisha wamiliki wa maeneo ya uvuvi.

Mwenye mashua ametoa pesa zake. Akipata faida, ni mwizi?

Hapana, na Marx hakusema hivyo. Nenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, alfajiri omena inaposhushwa. Kwanza inatolewa pesa ya mafuta, kisha fungu la mashua, kisha la nyavu. Kinachobaki ndicho wanachogawana waliokesha na taa majini, mikono imevimba kwa kamba. Mbao hazina mdomo, kwa hiyo fungu la mashua linaliwa na mwenye mashua, hata kama usiku huo alilala kwake. Hapo ndipo pa kutazama. Lakini tusimwite bepari mkubwa mtu wa mashua moja: dhoruba ikiivunja, kesho anavuta kamba kwenye chombo cha jirani. Hao ndio huitwa mabepari uchwara, mguu mmoja huku, mwingine kule.

Kenya ni kabila. Tabaka ni mambo ya Wazungu. (Msomaji, Nakuru)

Kabila lina nguvu, sibishi. Lakini kwenye mashamba ya maua Naivasha, Mluhya, Mkikuyu na Mjaluo wanapanga ploti moja na kungoja mshahara tarehe moja. Kuwa tabaka ni jambo moja, kujijua kuwa tabaka ni jingine. Mwaka 1852 Marx aliwafananisha wakulima wadogo wa Ufaransa na viazi ndani ya gunia: wamekaa pamoja, hawajashikana. Gunia letu tunalijua, hasa wakati wa kampeni.

Umoja wa Kisovieti, uliojengwa kwa jina la Marx, si ulivunjika 1991?

Ulivunjika. Fungu la mashua bado linatolewa Dunga.

Na wewe mwandishi, tabaka gani?

Nalipwa kwa makala. Ya mwezi jana bado naidai, na mwenye nyumba ameshapiga simu mara mbili.