Fundi Anajibu: Injini ya gari la ajali

SWALI: Jambo Fundi. Nina Hilux pikapu ya 1994, ya mazutu (dizeli), injini 2L. Dereva ni mtoto wa dada yangu. Inatubebea mahindi na magunia ya makala (makaa) kutoka barabara ya Kasenga. Ikipakiwa, kilima kidogo tu kinaichosha. Kuna Hilux iliyopata ajali huko Zambia, ina injini 3L, na mwenyewe anataka kuniuzia injini, usukani, taa, springi za nyuma na breki, vyote pamoja. Vijana wa gereji wanasema nichukue vyote. Wewe unasemaje? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Jambo sana mama. Injini chukua, ukishaikagua. Ni za ukoo mmoja (2L na 3L ni majina ya injini, si lita): yako ina sentimita za ujazo 2,446, ile ina 2,779. Inakaa kwenye vishikio vyako na kufungwa kwenye gia boksi yako bila kuchomelea chuma. Ila usingoje miujiza. Utapanda kilima na gia ya tatu pale ulipokuwa unashuka hadi ya pili, basi.

Kama bado inawaka, kijana wako afike asubuhi na aweke mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Akikuta ina joto, anywe chai asubiri ipoe: injini iliyochoka ikishapashwa moto inaficha mengi. Baada ya kuiwasha afungue kifuniko cha oili. Moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha. Utando mweupe chini ya kifuniko, au oili kwenye maji ya rejeta, ni kichwa cha injini kilichopasuka au gasketi iliyoungua. Hapo arudi nyumbani. Mkanda wa taimingi weka mpya wakati injini iko chini, hata wa zamani uking'aa. Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na huu nani anajua umetembea ngapi? Ukikatika, pistoni zinagonga vali. Plagi za kupasha moto nazo asome volti zilizoandikwa juu yake. Zikiwa tofauti na za kwako, hamisha zako, la sivyo zile zitaungua au hazitapasha vizuri asubuhi ya kwanza.

Usukani uache. Zambia wanapita kushoto na dereva anakaa kulia, sisi huku Kongo ni kinyume, kwa hiyo boksi ya usukani, pedali na dashibodi ni za upande ambao si wetu. Taa ziache pia. Za huko zinamulika zaidi kushoto, na hapa kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Kama kioo kina herufi E ndani ya duara, simama mbele yake: mshale unaoelekea mkono wako wa kulia unaonyesha ni taa ya nchi za kupita kushoto.

Sasa springi, na hapa ndipo ninapogombana na vijana wa gereji. Najua wanachotaka: kuongeza mabamba mawili matatu kwenye springi zako upakie magunia zaidi. Mwambie dereva wako alale chini ya gari, atazame juu ya ekseli ya nyuma. Kwenye Hilux nyingi ataona fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chasi. Gari likipakiwa chasi inashuka, fimbo inaisukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Ukiongeza mabamba, gari linabaki juu hata likiwa na shehena. Vali inadhani huna mzigo, breki za nyuma zinanyimwa nguvu, kazi yote inaangukia za mbele. Nimeona watu wakibadilisha pedi za mbele kila mara na kumlaumu muuza pedi! Ukiongeza mabamba, fimbo hiyo irekebishwe siku hiyohiyo.

Breki zenyewe: ngoma za nyuma unaweza kuchukua kama kipenyo hakijapita kile kilichoandikwa kwenye ngoma. Pedi, mipira na mipaipu ya breki nunua mpya dukani. Na pesa ikiwa haitoshi vyote, breki zitangulie, injini isubiri mavuno.

SWALI: Fundi, Hilux yangu ni 4x4 na difu ya nyuma (meno yanayopeleka nguvu ya shafti kwenye magurudumu) imekufa. Muuzaji anasema za Hilux zote ni sawa. (Msomaji wa Ruashi)

JIBU: Si sawa, kaka. Hesabu meno ndani ya difu: ya gia kubwa gawanya kwa ya gia ndogo. 41 kwa 10 ni 4.1, 41 kwa 9 ni karibu 4.56. Kama yako bado inazunguka, inua gurudumu moja la nyuma, weka gia huru, lizungushe mara mbili kamili na uhesabu shafti inayotoka gia boksi imezunguka mara ngapi: hiyo ndiyo namba yako. Namba ya difu ya nyuma isipolingana na ya mbele, ukifunga 4x4 kwenye lami magurudumu yatavutana mpaka kitu kivunjike. Afadhali uzunguke kwa wauzaji wengine wiki nzima.