Kuhesabu siku za kushika mimba: je, ni kuingilia qadari?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Naishi Ujiji, nimeolewa mwaka wa pili huu, sijajaaliwa mtoto. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa: giza likianza, yaani zile siku za usiku usio na mwezi, huenda kambini, hurudi mbalamwezi. Kliniki wamenifundisha kuhesabu siku za yai. Mama mkwe ameiona kalenda yangu, anasema naingilia kazi ya Mungu. Halafu katikati ya mwezi hunitoka ute, nami huacha kuswali. Naomba hukumu.

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu. Kuhesabu kunajuzu. Jabir bin Abdillah (r.a.), katika Bukhari na Muslim, anaeleza kuwa walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, zama za Mtume (s.a.w.) huku Qur'ani ikiteremka. Ikiwa kuikwepa mimba hawakukatazwa, vipi iwe dhambi kuitafuta?

Mama mkwe wako hajakosea katika asili ya neno lake. Surat Ash-Shura, aya ya 49 na 50, inasema Allah humpa amtakaye watoto na humjaalia amtakaye kuwa tasa. Ila aya hiyo haimkatazi mja kutafuta. Mwanawe mwenyewe anajua dagaa ni riziki ya Allah, na bado hutazama mwezi kabla ya kubeba taa zake. Mjibu hivyo, kwa adabu.

Kuhusu ute: ule mwepesi, wa kuvutika kama ute wa yai bichi, ni dalili kwamba yai linakaribia kutoka. Si hedhi. Kwa madhehebu ya Shafii unatengua udhu, hauwajibishi josho. Swala ulizoziacha kwa ajili yake, zilipe.

Sasa hesabu yenyewe, maana naona ndipo penye tatizo. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, na huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mume zaweza kuishi tumboni hadi siku tano. Kwa hiyo halazimiki kuwapo siku ileile. Siku mbili tatu kabla yake zatosha. Kama mzunguko wako ni wa siku 28 na hedhi huanza mwezi mwandamo ukiwa tarehe 20 hivi, siku zako zote zinaangukia gizani, naye yuko kambini. Mzunguko huo ni mfupi kuliko mwezi mwandamo kwa siku moja na nusu, basi zitasogea kuelekea mbalamwezi, lakini polepole mno. Zungumza naye arudi usiku mmoja, katikati ya giza, mwezi unapoandama. Wewe pia una haki juu yake, na dagaa wa usiku mmoja hawatamfilisi.

Mkitimiza miezi 12 mnakutana bila kinga na hakuna mimba, nendeni hospitali ya mkoa, Maweni. Ukiwa umefika miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Nimesema nendeni, wote wawili: naye akapimwe mbegu. Wanaume wetu hapo huwa wazito. Wallahu a'lam.