Alinitania au alinidhihaki? Maswali yenu ya Kiingereza

Wiki hii meseji nyingi zimeangukia upande mmoja: maneno ya Kiingereza ya kukejeliana. Nimechukua saba.

Shikamoo Mwalimu. Kamusi yangu inatafsiri mock, tease na ridicule zote kuwa "dhihaki". Sasa nitajuaje lipi ni lipi? (Kidato cha tano, Morogoro)

Marahaba. Kamusi hiyo hiyo iliwahi kuniponza. Bosi wangu wa kwanza, mzee wa Kipare, alikuwa ananitania kila asubuhi kwa sababu viatu vyangu vililia kwi-kwi kuanzia getini hadi mezani. Siku ya kumuaga nikasoma kadi yangu mbele ya watu: "He mocked me every morning and I will miss it." Mgeni Mwingereza akanitazama mimi, akamtazama mzee. Baada ya keki akanivuta pembeni na kuniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama ningependa kuandika malalamiko rasmi.

Nilitakiwa kusema "teased". Tease ni kutania. Zamani kitenzi hiki kilikuwa cha kuchambua sufu, kuivuta nyuzi nyuzi kabla ya kuisokota, na hata leo msusi akizichambua nywele kwa kitana mpaka zikaumuka, Kiingereza chake ni tease. Ni kuvutavuta basi, na anayevutwa mara nyingi anacheka pia. Ila sikudanganyi: mtoto anayechekwa sare iliyochanika kila siku naye husemwa yuko "teased", na hapo hakuna utani wowote.

Mock ina meno zaidi, na ndani yake mara nyingi mna kuiga. Mwalimu ana kigugumizi, akigeukia ubao kijana wa dawati la nyuma anakiigiza kigugumizi chake, darasa linaangua kicheko: hiyo ni mock. Ridicule haihitaji kuiga. Imetokana na Kilatini "ridere", kucheka, na lengo lake ni kitu kionekane cha kipuuzi mbele za watu. Ndiyo maana wazo au pendekezo kwenye kikao huwa "ridiculed", lakini ni vigumu kulifanyia "tease".

Kwa nini mtihani wa mock unaitwa hivyo? Au unatudhihaki kweli? (Kidato cha nne, Kahama)

Matokeo yakitoka utaona kama unakudhihaki. Jina lenyewe limebaki na ile maana ya kuiga peke yake: mtihani wa mfano, unaouigiza ule wa taifa. Kuna ndege wa Amerika aitwaye mockingbird kwa sababu hiyo hiyo, huiga sauti za ndege wengine. Hamcheki mtu.

Jeer, sneer, scoff, taunt. Nimechoka. (Mfasiri, Mombasa)

Pole. Jiulize kwanza kejeli imetokea wapi mwilini.

Sneer ni ya uso. Mtu anabinua mdomo upande mmoja, pua inakunjika kidogo, na huenda asiseme neno. Scoff ni ya pumzi: "Aah! Wewe ujenge ghorofa?" Hapo kuna kupuuza zaidi ya kucheka. (Nchini Uingereza scoff ni kufakamia chakula pia, kwa hiyo ukisikia mtoto "scoffed all the chapatis", hakuzidharau hata kidogo.) Jeer ni ya koo, na aghalabu ya umati: ni kuzomea. Mshambuliaji kapaisha penalti, jukwaa zima linapiga kelele, hiyo ni jeer.

Taunt iweke peke yake, kwa kuwa haitoshelezwi na kicheko. Inataka ujibu. Ni kumchokoza mtu kwa maneno mpaka apandwe na hasira au aingie ulingoni. Goliathi alitoka asubuhi na jioni kwa siku 40 kuwachokoza Waisraeli, na hakuwa anatafuta wa kucheka naye. Vijembe vya kwenye khanga navyo naviweka hapa: jirani hakutaja jina, lakini anasubiri aone utavaa ipi kesho.

Kusonya, silaha yetu kuu, hakumo kwenye orodha yako, na Kiingereza cha London hakina kitenzi kimoja kilichozoeleka cha kukutafsiri. Watu wa visiwa vya Karibi wanaosonya kama sisi husema "suck teeth". Azima kwao.

Zaburi ya kwanza inamsifu asiyeketi "barazani pa wenye mizaha". Baraza letu la kahawa ni mizaha mwanzo mwisho. Tumeangukia wapi? (Tanga)

Malizeni kahawa yenu. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "the seat of the scornful", na tafsiri kadhaa za karibuni zinasema "mockers". Scorn ni dharau ya mtu anayekutazama kutoka juu, na inaweza kuwepo bila kicheko hata kimoja. Waliotafsiri Union Version ya 1952 walitumia mizaha kwa maana hiyo nzito. Katika mazungumzo ya leo neno limelegea, mzaha ni masihara tu, ingawa methali ya mzaha mzaha hutumbua usaha bado inalikumbuka lilikotoka.

"He laughed me" kosa liko wapi?

Limekosekana "at". Kwetu kiambishi kimoja kinatosha, alinicheka. Kwao ni laugh at, jeer at, sneer at, scoff at, lakini make fun of. Mock, tease, taunt na ridicule hubeba mtu moja kwa moja. Hakuna kanuni ya kukupa hapa, ni kukariri.

Sarcasm na irony ni kitu kimoja? (Nakuru)

Hapana, ingawa Waingereza wenyewe huzichanganya. Semina ya kuhimiza kuwahi kazini imeanza kwa kuchelewa saa mbili: hiyo ni irony, kinaya, na hakuna aliyesema lolote. Mgeni rasmi anaingia, mtu wa mstari wa nyuma ananong'ona, "Thank you for coming so early." Hiyo ni sarcasm: maneno matamu yaliyolengwa kuuma. Asili yake ni Kigiriki, kitenzi cha kunyofoa nyama.

Satire ni kubwa kuliko zote mbili, ni kazi nzima, kama vibonzo vya Gado, Mtanzania aliyejijengea jina huko huko Kenya. Inacheka ili uovu wa wakubwa uonekane.

Naandika habari ya Simba na Yanga kwa Kiingereza. "Watani wa jadi" niseme nini? (Dar es Salaam)

Wengi huandika "arch-rivals", na habari yako itaeleweka. Lakini rival ni mshindani tu, utani umeshaachwa njiani. Wataalamu wa mila huuita utani wa makabila "joking relationship". Mwanaanthropolojia Mwingereza, Radcliffe-Brown, aliuandikia makala mwaka 1940. Mpare anaweza kufika msibani kwa Mchaga akadai marehemu amekimbia deni lake, wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ukiandika kwamba "he mocked the dead man", umeharibu msiba. Andika "teased", kisha ongeza sentensi moja ya kueleza kwamba ana haki hiyo kimila. Kwa Simba na Yanga huna nafasi ya sentensi hiyo kwenye kichwa cha habari, kwa hiyo weka "arch-rivals" juu, na utani uufafanue aya ya pili.