Awamu Ikibadilika Kwenye Njia ya SCSI, Usikimbilie Kuweka Upya

Draiva ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya kidhibiti cha SCSI (njia ya pamoja ya nyaya inayounganisha kompyuta na diski, tepu na vifaa vingine), chenye chipu ya familia ya 53C8xx, ilikuwa na kanuni moja niliyoiona ya busara: awamu, yaani hatua ya mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa, ikibadilika pasipo kutarajiwa, njia nzima inawekwa upya. Diski mbili zilifanya kazi bila tatizo, lakini nilipoongeza kiendeshi cha tepu kwenye waya huohuo, mashine ikawa inakwama kila baada ya dakika chache.

Sikuwa nimeelewa kwamba, kwenye SCSI ya nyaya sambamba, kompyuta ikishateua kifaa, mwenye usukani ni kifaa chenyewe. Ndicho kinachoamua, kwa nyaya tatu za MSG, C/D na I/O, kama sasa ni zamu ya amri, data, hali au ujumbe, na kidhibiti hakina budi kufuata. Kumbukumbu ya ndani ya tepu ikijaa katikati ya uandishi, tepu huiacha awamu ya data, hutuma ujumbe wa kujitenga na kuwaachia wengine njia. Huo ni utaratibu wa kawaida kabisa, nami nilikuwa nauadhibu. Na kwa kuwa kuweka upya hufuta amri zinazosubiri kwenye vifaa vyote pamoja na makubaliano yao ya kasi, diski zisizo na hatia nazo zilipoteza kazi.

Kwa hiyo ichukulie awamu usiyoitarajia kuwa taarifa kwanza. Isome pale tu REQ, waya ambao kifaa huutumia kuomba baiti ihamishwe, inapowashwa, kwa sababu kabla ya hapo nyaya zile tatu huenda bado zinabadilika. Ikiwa ni ujumbe, upokee. Ikiwa ni hali, ipokee, na ikisomeka 02h, yaani kifaa kina jambo la kuripoti, uliza sababu kwa amri ya REQUEST SENSE kabla ya kukipelekea kifaa hicho amri nyingine.

Ugumu hasa uko kwenye hesabu ya baiti. Chipu hizi huchota data kutoka kwenye kumbukumbu kabla ya kuituma, kwa hiyo awamu ya kutoa data inapokatika, kaunta husema baiti zimeondoka ilhali baadhi zimo bado kwenye foleni ya ndani ya chipu, na nyingine zimebaki kwenye rejista (hifadhi ndogo ya chipu) ya kutolea. Ukiisadiki kaunta, kifaa kikirudi utaendelea mbele ya mahali ulipoishia kweli, na faili litakuwa na pengo ambalo hakuna atakayelijua hadi siku ya kulirejesha. Mimi nililigundua kwa kulinganisha tepu na faili la asili, na pengo halikuzidi makumi machache ya baiti. Yajumlishe masalio hayo katika hesabu ya ambazo hazijatumwa, kisha safisha foleni.

Hitilafu za kweli nazo zipo. Pariti, yaani biti ya kukagua usahihi wa baiti, ikikosewa wakati wa kupokea data, washa ATN, waya wa kukijulisha kifaa kuwa una ujumbe, ili kikupe nafasi ya kutuma ujumbe wa 05h, yaani umegundua hitilafu. Ikiwa kilichoharibika ni ujumbe, tuma 09h, yaani ujumbe ulifika na kosa la pariti. Kifaa kisichoitikia uteuzi ndani ya milisekunde 250 kihesabu kuwa hakipo, bila kuvigusa vingine. Kuweka upya, yaani kushikilia RST, waya wa kuweka upya, kwa angalau mikrosekunde 25, nimekuachia hali moja tu: kifaa kinachong'ang'ania BSY, waya wa kuonyesha kuwa njia inatumika, na kupuuza ATN. Mara zote mbili nilizofika hapo, chanzo kilikuwa kizibo cha mwisho wa waya (terminator, kinachozuia ishara kurudi nyuma) kilicholegea.