Kiarabu cha madrasa ni mwanzo, bado si ufunguo wa nyaraka za Uthmaniya

Mdogo wangu, umeuliza kama Kiarabu ulichosoma madrasa kinatosha kukuingiza kwenye historia ya Dola ya Uthmaniya, ile dola ya zamani ya Waturuki. Herufi utazitambua, na maneno mengi pia. Sentensi zitakushinda, kwa sababu lugha ya nyaraka zake ni Kituruki, kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi mwaka 1928, na kimejaa Kiajemi. Basi anza na Kituruki cha leo, mwaka mzima, bila haraka.

Huku ukijifunza, msome Halil İnalcık, mwanahistoria wa Uturuki. Alizaliwa Istanbul mwaka 1916, akafariki 2016, na karibu maisha yake yote aliyatumia kwenye nyaraka. Mwaka 1954 alichapisha daftari la ardhi na kodi la Albania la mwaka 1431. Ukiliona utadhani ni orodha kavu: vijiji, kaya, mapato, jina la askari aliyepewa mapato hayo. Lakini humo unamwona mkulima ambaye hakuna mwanahistoria wa ikulu aliyemtaja! Alichimba pia madaftari ya mahakama za kadhi za Bursa, mji wa Uturuki, akaonyesha biashara ya hariri ilivyokwenda. Mimi hapo ndipo nilipoipenda fani hii.

Alifundisha Ankara, kisha Chicago kuanzia 1972, halafu akaanzisha idara ya historia Chuo Kikuu cha Bilkent. Kwa kuanzia, tafuta kitabu chake cha 1973 kuhusu dola hiyo kati ya 1300 na 1600. Sura za ardhi na kodi zisome mara mbili, kalamu mkononi.